Kitambaa Nilichokitoa Muyeye

Niliondoka Kaloleni kwa sababu ya mstari mmoja. Katika majalada ya zamani niliyosoma chuoni, vilabu vya tembo la mnazi vya Malindi vya zaidi ya miaka mia iliyopita vilitajwa kuwa maficho ya "watoro na walevi". Basi. Maskini wale walifuata nini hasa, hakuna aliyeandika.

Alfajiri, ndani ya basi, nilipanga maswali kumi na saba, nikafuta tisa, nikarudisha matano.

Saa tano nilifika Muyeye, mtaa wa Malindi, nikaelekezwa kwa Mama Sidi, ambaye bibi yake aliwauzia tembo wachukuzi wa zamani hizo. Mangwe yake, yaani kilabu chake, ilikuwa banda la makuti lenye wateja wanne tu. Wiki iliyotangulia mtu mmoja aliumwa tumbo, akavumisha kuwa tembo la pale lina sumu, na wengi wakahama.

Nilimwamkia, nikajieleza kuwa mwanafunzi wa chuo, mtoto wa mhubiri. Akajaza kata ya kifuu cha nazi, akatia mrija, akanywa funda moja mbele ya wote, kisha akanipa. Kwetu tembo haliingii nyumbani, sikujua desturi. Nikawaza mate, nikawaza homa, nikatoa kitambaa nikaufuta mrija.

Mzee Charo, mchukuzi wa sokoni, akaweka kata yake chini. "Kama msomi anaogopa, sisi twangoja nini?" Wawili wakasimama.

Mama Sidi hakunifokea. "Mwanangu," alisema, "bibi yangu alitoroka shamba la bwana aliyemmiliki. Waliokunywa kwake walikuwa watoro vilevile, hawana mama wala ndugu hapa mjini. Kila mmoja alimwogopa mwenziwe, kwamba atamtilia sumu. Ndipo akawa anaonja yeye kwanza."

Uso ulinichoma. Nilimrudishia kata, nikamwomba aonje tena. Akaonja. Nikanywa kwa mrija uleule, bila kuufuta, hadi chini. Lilikuwa kali, nikakohoa mpaka machozi.

"Baba'ko akikunusa, leo walala nje," Charo akasema, akainua kata yake. Waliosimama wakaketi, mmoja akaagiza nyingine.

Jioni baba alininusa mlangoni. Nilikuwa nimetunga maelezo njia nzima, lakini nilimwambia tu nilikokuwa. Alinitazama, akanipisha niingie.

Maswali yangu kumi na matatu sikuuliza hata moja. Daftarini, chini ya "watoro na walevi", niliongeza: walikuwa wakitafuta mtu wa kuonja kwanza.