Lori la Bwana Shebani na Jina la Mzee Ausi

Ipo asubuhi moja ya Ruangwa ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na kila nikiikumbuka, mwanangu, damu hunichemka. Mtu mwenye mvi hapaswi kuchemka, najua. Lakini juzi nilimsikia kijana wa hapa mtaani akimwita jirani yake mwizi, eti kwa sababu pampu ya maji imegoma, nikasema huyu hajasimuliwa. Basi ngoja nikusimulie wewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ufundi niliupata Nachingwea, kwenye karakana ya mashamba makubwa ya karanga, enzi zile Wazungu walipoleta matrekta wakaing'oa misitu kama mtu anayepalilia magugu. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Yohana, Mmakua wa upande wa Masasi, mtu mkimya aliyeijua injini kwa kuisikiliza. Mashamba yalipopunguzwa, tukapunguzwa na sisi vijana. Yeye alibaki karakana. Mimi nikatoka na ovaroli moja, mfuko wa spana, na majivuno ambayo hayakuenea mfukoni.

Siku hizo Ruangwa palikuwa na mfanyabiashara wa ufuta aliyeitwa Bwana Shebani. Alikuwa na lori, na lori lilikuwa kitu kikubwa. Watoto walilikimbilia hata likiwa limesimama. Bwana huyu akaugua, akapelekwa Lindi kutibiwa, akakaa huko masika mawili. Lori likabaki bandani, chini ya makuti, likilindwa na Mzee Ausi, Mmwera mtu mzima aliyekuwa akiishi na mkewe katika kibanda pale pale uani. Alilifunika kwa mikeka, akainua magurudumu juu ya magogo ili mpira usioze, akafukuza kuku waliotaka kutagia kwenye kiti. Hakuna aliyemwagiza hayo.

Bwana Shebani aliporudi, ufuta ulikuwa umeshavunwa na lori halikuwaka. Nikaitwa.

Sikuanza vibaya, mwanangu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Betri ilikuwa imekufa, nikaazima nyingine. Nikatoa plagi, nikadondosha oili kidogo kila tundu ili vyuma vilivyolala muda mrefu visikwaruzane, nikazungusha hendeli polepole mpaka nikahakikisha injini haijakamata kutu. Kisha nikazungusha kwa nguvu. Lori likakohoa, likawaka, watu wakapiga vigelegele. Kabla vigelegele havijaisha, likapunguza nguvu, likazidiwa, likazimika. Nikawasha tena. Likazimika tena. Mara tano.

Nikafungua kabureta, nikakuta maji chini ya petroli, na petroli yenyewe inanuka uchachu. Watu walikuwa wamenizunguka, nusu ya soko nadhani. Bwana Shebani akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Fundi, nani kaniharibia gari?"

Hakuuliza limeharibika nini. Aliuliza nani. Na mimi, badala ya kumwambia kwamba sijui bado, niliona aibu. Ovaroli langu lilikuwa safi, watu wananitazama, ningesemaje sijui? Nikasema, "Petroli imenyonywa, ikajaziwa maji. Huu ni mkono wa mtu."

Wote wakageuka kumtazama Mzee Ausi.

Yule mzee hakupiga kelele. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia sokoni, akakitafuta taratibu, akaniambia mimi, si tajiri wake, "Mwanangu, mimi sijui gari. Lakini panya najua. Panya wanaingia kule nyuma, chini. Nimewafukuza, wanarudi. Tazama nyuma."

Nikamjibu nini? Nayasema haya ili uyasikie yalivyokuwa mabaya. Nilimjibu, "Mzee, hapa tunazungumza habari za injini. Injini iko mbele. Wewe kalinde kuku." Watu wakacheka. Kucheka kule kulinipendeza, mwanangu. Kulinipendeza!

Akapelekwa kwa jumbe siku ile ile. Jumbe akaniuliza mimi kama shahidi wa ufundi, nami nikarudia, safari hii kwa uhakika zaidi, maana uongo ukishasemwa mara moja huota miguu. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na mle barazani nilikuwa msema pweke. Nani mwingine aliijua kabureta? Alipoulizwa, Mzee Ausi alisema tu, "Sikuiba." Jumbe akaamua atoke uani kwa Bwana Shebani kabla ya jua kuchwa. Nilimwona akipita barabarani, godoro la sufi kichwani, mkewe nyuma na sufuria mbili na jembe. Walikwenda Marambo, kwa dada yake.

Mimi nikarudi kwenye lori. Nikamwaga petroli yote, nikaosha tangi, nikasafisha kabureta, nikaweka petroli mpya. Likawaka. Likazimika. Unajua nikasema nini? Nikasema mzee yule ameharibu na pampu pia! Nikafungua pampu, nikaikuta nzima. Siku tatu nilihangaika hivyo, na kila nilipokwama nilimwongezea mtu asiyekuwepo kosa jipya. Hatimaye Bwana Shebani akachoka, akamtumia mtu Mzee Yohana.

Mzee Yohana alifika kwa baiskeli, kaptula yake imejaa vumbi jekundu. Hakufungua boneti. Alisema, "Washa." Nikawasha. Yeye akaenda nyuma ya lori, akachutama, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi, akakaa hivyo mpaka injini ikazimika.

"Siku zote hizi," akaniuliza, "moshi ulikuwa unatokea wapi?"

Sikuwa nimetazama.

"Halitoi pumzi. Mtu ukimziba pua na mdomo ataishi?" Akaingia chini ya lori, mzee wa umri ule, akalegeza bomba pale linapoungana na injini. "Washa tena." Lori likanguruma hadi makuti ya banda yakatikisika, na halikuzimika. Tukalichomoa bomba lote, tukaligonga chini. Likatoa sufi, likatoa maganda ya karanga, debe zima, na ndani yake vitoto vya panya vilivyokauka.

Nikasema kwa unyonge, "Lakini maji je? Nilikuta maji."

Mzee Yohana akamgeukia Bwana Shebani. "Ulipokwenda Lindi, tangi uliliacha limejaa?"

"Lilikuwa chini ya nusu."

"Basi hayo maji ni yako. Tangi lisilojaa, likikaa masika mawili, hutoa jasho ndani, kama mfuniko wa chungu. Na petroli ya muda wote huo lazima ichache." Kisha akanigeukia mimi. "Hili nilikufundisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe hukutaka kuchafua ovaroli, ukamchafua mtu."

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.

Unadhani Bwana Shebani alijuta? Alifurahi lori lake kunguruma. Nilipomwambia twende Marambo tukamwombe radhi Mzee Ausi, akasema, "Yamekwisha, gari linakwenda. Mpelekee kanzu." Kanzu! Mtu umemvua heshima mbele ya soko zima, unamvika kitambaa. Hasira ile niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo, na sioni sababu ya kuitubia.

Nikaenda peke yangu kwa baiskeli, na sikuibeba ile kanzu. Nilimkuta Mzee Ausi shambani kwa dada yake, anachimba mashimo ya mikorosho. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamweleza yote: panya, bomba, jasho la tangi. Hakuacha kuchimba mpaka nilipomaliza.

"Hapa Marambo," akasema, "nani aliniita mwizi?"

"Hakuna, mzee."

"Basi mbona umekuja kusema hapa?"

Nilirudi Ruangwa. Siku ya soko, watu walipojaa, nikasimama pale pale bandani nikasema kwa sauti kwamba Mzee Ausi hakuiba, kwamba alinielekeza palipokuwa na ubovu nami nikamcheka, na kwamba mwongo nilikuwa mimi. Nikaenda kwa jumbe nikarudia. Baadhi walinizomea. Bwana Shebani alinifukuza kwa kumwaibisha, na kwa mwaka mzima hakuna mtu wa Ruangwa aliyeniletea hata baiskeli. Nilistahili.

Habari zikafika Marambo kabla yangu. Nilipokwenda tena, Mzee Ausi alinikaribisha ugali wa mtama na kisamvu, tukala. Nikamuuliza kama atarudi Ruangwa sasa.

"Jina langu limerudi," akasema. "Mimi nakaa hapa." Na alikaa. Mikorosho ile aliiona ikizaa.

Basi sikia, mwanangu. Kitu kilicholala muda mrefu kina sababu nyingi za kugoma, na nyingi hazina mkono wa mtu. Usianze na nani. Anza na nini. Kama hujui, sema sijui, hata soko zima likikutazama. Aibu yake ni ya siku moja. Aliyekaa na kitu msikilize, hata kama hajui jina la spana, maana wewe unaijua injini lakini yeye anaijua ile injini. Na ukimkosea mtu hadharani usimfuate kichochoroni kumwomba radhi. Rudi mahali pale pale, kwa sauti ile ile. Tena usikubali tajiri akuambie yamekwisha, kwake hayakuanza.

Nenda, Mungu akujalie mikono yenye kazi na ulimi wenye subira. Akukinge na dhuluma ya watu, na akukinge zaidi usije ukawa wewe mwenye kudhulumu. Amina.