Mashimo ya Mikima

Harufu ya mbao mbichi za mukima hunirudisha kwenye shamba letu la kahawa, mwaka ule aliokufa baba. Mama alikuwa amepanda miche ya mikima katikati ya kahawa, ipate kivuli, nasi tupate kuni. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja akaing'oa yote tukitazama.

"Wewe panda mahindi na maharagwe," akamwambia mama. "Mwanamke akipanda mti, kesho atasema shamba ni yake."

Mama akashika jembe afukie mashimo.

"Wacha hizo mashimo," baba mkubwa akasema. "Umechimba vizuri."

Kesho yake alileta miche yake mwenyewe ya mikima, na mama ndiye aliyeimwagilia maji.

Sasa seremala anapiga randa mbao za miti hiyo. Ameniuliza mama alikuwa na urefu gani.