Mbuzi Watatu na Kiatu Kimoja

Aibu hii nimechoka kuibeba, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kola, maana wao wameshaongeza mbuzi wa nne.

Mnanijua. Shule niliacha kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja hadi nikajua majina ya majirani. Nimevunja mawe Lukenya, nimepakia maembe Matuu, nimechimba visima vya watu wasiokumbuka sura yangu. Tabia moja tu ndiyo haijanihama, kusoma. Nasoma chochote, hata maandishi ya gunia la mbolea. Sasa mjini Machakos kuna mzee anayetandaza vitabu vya mitumba kwenye turubai, na siku niliponunua kwake kitabu cha kutengeneza redio alinitupia kingine bure, akisema hicho kilichapwa vibaya, kinaanzia nyuma. Kumbe hakikuchapwa vibaya. Kilikuwa manga, katuni za Kijapani, na zile husomwa hivyo, kutoka kulia.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya wanafunzi wawili. Mvulana anaazima kifutio cha penseli kwa msichana wa dawati la mbele, kesho yake anakirudisha, keshokutwa anakiazima tena, na kifutio kinaisha kidogo kidogo hadi kinakuwa kama punje ya mahindi, na bado hakuna aliyesema anachotaka kusema. Kurasa mia na themanini, na mwisho nilikuwa bado sijaufikia! Nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu katikati ya kucheka nikakifunga kitabu. Mimi shule niliyoijua ni ya viboko na kurudishwa nyumbani. Sikujua kwamba darasa linaweza kuwa mahali ambapo mtu anaichukia Jumamosi kwa sababu hatamwona mwenzake. Niliondoka kabla zamu yangu haijafika.

Basi. Kakangu Mutua alikuwa ameishi na Ndinda miaka miwili, wana mtoto, lakini kwetu Wakamba bila ntheo huyo bado si mke wako hata mkizaa kumi. Ntheo ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwao msichana, na wakishaingia bomani na kupokewa, maneno yamekwisha. Mara mbili tulikuwa tumeahidi siku na hatukutokea. Baba yake Ndinda akatuma ujumbe kwamba Jumamosi hii mbuzi wafike, la sivyo Ndinda na mtoto wanabaki kwake. Kwa hivyo tukaenda Kola, kwao Ndinda, wazee wetu wamevaa makoti, mbuzi wameoshwa, na mimi nimepewa kazi moja tu ya kusimama nje ya lango nikiwa nimeshika kamba. Wazee hutangulia, wanakunywa chai, wanaulizwa wanatafuta nini kana kwamba hakuna anayejua, kisha ndipo mbuzi huitwa.

Chai ile ilichukua saa mbili. Nilikuwa nimebeba kile kitabu cha kifutio (huo ndio uamuzi mdogo ninaoujutia), na ili mikono yangu iwe huru nikafunga kamba zote tatu kwenye kiatu changu cha kulia, nikakaa kwenye jiwe. Kiatu chenyewe ni cha Mutua, alikuwa ameniazima nionekane mtu, na kilikuwa kinanibana vibaya. Baada ya kurasa ishirini nikakivua kidogo, mguu upumue. Kilichokuwa kimefungwa kwenye kiatu, nikakisahau.

Mzee mmoja akapita, akanitazama nikifungua kitabu kutoka nyuma, akaniambia kwa upole, "Kijana, kigeuze." Nikamjibu ndivyo kinavyosomwa. Akaenda zake akitikisa kichwa, na nikamsikia akisema kwa Kikamba kwamba siku hizi hata wa kushika mbuzi wamekosekana.

Nilifika pale mvulana alipofunga kile kifutio kwenye kijikaratasi na kuanza kuandika kitu. Nikasikia vigelegele. Nikatabasamu, nikajua mambo ya Mutua yamekubaliwa. Lakini vigelegele vilitoka upande mwingine, kwa jirani. Nikaangalia chini nikaona soksi.

Kwa jirani anaishi mama mjane na binti yake Kalekye, fundi wa nguo, ambaye umri wake wa kuolewa watu wa Kola walikuwa wameshaacha kuuzungumzia. Sasa fikiria wewe ndiye yule mama. Mbuzi watatu walioogeshwa wanaingia bomani kwako wenyewe, wakiburuta kiatu cha mwanamume kilichopigwa rangi. Nilipofika nikichechemea alikuwa ameshawawekea maji, na wanawake wawili walikuwa wakimpongeza.

"Karibu mwanangu," akaniambia. "Wazee wako wako wapi?"

"Wako hapo kwa jirani, mama."

"Wamepotea nyumba hao. Waite."

 Nikamwambia kwamba mbuzi ni wa Ndinda, na mama akasema polepole kwamba mbuzi wa ntheo wakishaingia hawafukuzwi, hiyo ni kumlaani binti. Wakati huohuo wakaja uani wote wakifuata vile vigelegele, wazee wetu na Mutua, Ndinda na mtoto, na baba yake Ndinda, ambaye alitazama mbuzi, akatazama soksi yangu.

"Mutua," akasema, "mara ya kwanza uliniletea udhuru. Mara ya pili udhuru. Leo mbuzi umempelekea jirani." Akageuka akamwambia Ndinda arudi ndani kwao na mtoto. Ndinda akaanza kulia. Mutua aliniangalia jinsi ambavyo sijawahi kuangaliwa na mtu wa damu yangu.

Ndipo Kalekye akatoka kwenye cherehani yake, utepe wa kupimia shingoni.  Alifungua kamba, akanirushia kiatu, akawaongoza mbuzi mbele ya mama yake na mbele yetu sote hadi ndani ya boma la akina Ndinda, akamkabidhi yule baba kamba.

"Mzee, mbuzi wako hawa. Walipita kwetu kunywa maji tu."

Akapokea. Angefanya nini? Vigelegele vikapigwa upya, na wa kwanza kupiga alikuwa Ndinda.

Kalekye aliporudi akasimama mbele yangu, mkono ameunyoosha. "Lete hicho kitabu. Unasoma nini hadi mbuzi wanakuhama?"

Nikamweleza ni cha watu wawili wanaopendana na hawasemi.

"Hadi mwisho hawasemi?"

"Sijafika mwisho."

"Basi nitafika mimi," akasema, akaenda nacho.

Mutua ana mke sasa, na kila tunapokutana ananiita mshenga wa jirani. Nimeapa sitashika kamba na kitabu siku moja, na viatu vya kuazima sivai tena. Lakini Ndinda ameniletea ujumbe kwamba Kalekye alikimaliza zamani, na nikikitaka nikichukue mwenyewe. Mara mbili nimefika njia panda ya kwao, nikajua mama yake atanitazama mikononi kwanza kama nimeshika kamba ya mbuzi, nikarudi. Siku hizi simcheki tena yule mvulana na kurasa zake mia na themanini.