Difu Niliyoiosha

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, gurudumu la mbele la kushoto lilianza kuzunguka bila kwenda popote. Mama alikuwa kiti cha nyuma, amevaa nguo zake za eda, chupa ya dawa ya macho mkononi. Tulikuwa katikati ya kinamasi kinachotenga kijiji chake, mbele ya Bombo, na barabara ya lami. Saa tatu alitakiwa awe kliniki ya macho, hospitali ya Mulago, Kampala.

"Gari linameremeta kama bwana harusi," alisema, "kumbe halijui kutembea."

Tulifika Mulago saa saba mchana, matope hadi magotini, tukapewa tarehe nyingine: wiki nne mbele. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kwa presha ya macho. La kushoto lilipaswa kupimwa na kubadilishiwa dawa kabla nalo halijafuata.

Mtu angeuliza kwa nini asije kulala kwangu mjini, Kibuli, siku moja kabla. Baba alikuwa amefariki wiki sita tu kabla. Mjane aliye kwenye eda hutoka mchana kwa matibabu, lakini usiku hulala nyumba aliyoachiwa na mumewe, na Mama hakutaka hata kusikia mjadala juu ya hilo. Kwa hiyo kila safari ilikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, msimu wa mvua, kwa gari linalovutwa na magurudumu mawili ya mbele. Niliulizia gari la kukodi. Wenye magari mazuri walitaka kwanza kujua njia ikoje, na nikishawaambia, hawakupiga simu tena.

Sikusomea ufundi. Nilichokijua nilikipata kwa vitabu na kwa kufungua vitu. Kiwanda kilitengeneza aina mbili za gari langu, moja linalovutwa na magurudumu mawili na jingine na yote manne, na kwa nje hayatofautiani. Nilichora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja: kuuza hili na kununua la magurudumu manne, nyongeza si chini ya milioni saba. Upande wa pili: kununua giaboksi, shafti ndefu na difu, lile bonge la chuma linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, kisha kufunga. Milioni tano na nusu, kazi ikiwa ndani.

Wiki mbili zilipita nikisoma. Nilikuwa naamka, nakaa, nasimama tena. Mvua ikipiga bati nahesabu siku. Mke wangu aliniona natembea sebuleni na rula mkononi.

"Baba watoto, uza hilo gari. Jicho la mama halingoji hesabu zako."

"Hesabu ndizo zitakazotuokoa."

"Haya. Mwambie jicho."

Spea nilizipata bondeni chini ya Nakasero, kwa muuzaji aliyeleta magari ya Japani yaliyokatwa nusu. Seti nzima ilikuwa milioni nne na laki mbili, taslimu. Kabla ya kunikabidhi, alichovya kijiti kwenye kopo la rangi ya manjano, akaweka alama moja kwenye giaboksi, moja kwenye shafti, moja kwenye difu.

"Hajji, siku tano. Ikikataa kuingia, rudisha, nakupa pesa yako."

Sijawahi kuhiji, lakini pale kila Mwislamu mwenye mvi ni Hajji. Nilipeana naye mkono. Ile rangi niliiona, nikadhani ni namba yake ya ghala.

Nyumbani nilitandika gunia uani. Kitabu kilionya kwamba meno ya difu ya nyuma lazima yalingane na ya mbele, la sivyo magurudumu yatapigana. Meno hayahesabiki katika grisi ya miaka kumi. Nilichukua petroli na mswaki kuukuu nikasugua kila kitu, ndani na nje, siku mbili, hadi chuma kikang'aa. Nilihesabu mara tatu. Yalilingana. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu kinamasini, nilikula chakula nikakimaliza.

Ijumaa, siku tano kabla ya kliniki, gari lilipandishwa juu kwa fundi wangu wa Ndeeba, mzee aliyejifunzia kazi jeshini. Alimulika tochi chini, akaniita.

"Hajji, hii gari ilizaliwa hivi. Wewe nataka kupatia yeye miguu ingine, sasa mfupa utafunga wapi?"

Nilitazama. Tangi la mafuta lilikuwa bapa, limejaza nafasi yote ambamo shafti ingepita. Mahali pa kuning'iniza difu hapakuwepo, si tundu wala chuma. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa tumbo la gari langu mwenyewe. Kukata na kuchomelea, alisema, mwezi mmoja, na tangi jingine juu yake. Alinitoza laki moja kwa kupandisha na kushusha.

Nilirudi kwa muuzaji mchana ule ule, siku zake tano hazijaisha. Aligeuza difu upande huu na ule.

"Rangi yangu iko wapi?"

"Nimeiosha."

"Umeosha? Nani anaosha difu?"

"Nilitaka kuhesabu meno."

Wenzake walisogea. "Huyu ukimuuzia makaa ataosha!" mmoja akasema, na kicheko kikapita duka hadi duka. Muuzaji hakucheka. Alama ile ndiyo risiti ya pale. Bila alama, alisema kwa upole, hawezi kujua kama nimebadilisha cha ndani nikamletea kibovu. Sikuweza kumlaumu, ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Alikubali kuzinunua kwangu kama kwa mgeni yeyote aliyeingia na chuma: milioni mbili na laki nne.

Jumamosi niliuza gari. Lilistahili milioni ishirini na nne, lakini mnunuzi alinitazama mara moja akajua nina haraka, akatoa ishirini na mbili na laki mbili. Jumatatu nilinunua la magurudumu manne, la zamani zaidi, rangi imechubuka mlangoni. Kabla sijalipa nililala chini yake matopeni nikiwa na tochi, hadi mwenyewe akaniuliza kama nimeanguka.

Jumatano tulivuka kinamasi gizani, polepole, magurudumu yote yakichimba. Mama alishikilia kiti hadi lami. Saa tatu kasoro alikuwa kwenye benchi. Presha ilikuwa imepanda, lakini si kupita kiasi. Daktari alibadilisha dawa na kusema tumewahi. Nilikaa karibu naye, mguu ukinichezacheza, nikajumlisha: milioni moja na laki nane kwenye spea, laki moja ya fundi, milioni moja na laki nane kwenye mauzo ya haraka. Nilipoteza shilingi milioni tatu na laki saba.