Pumzi ya Maksai

Kijijini kwao, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Nduguti, ilikuwa vigumu kumzika mtu, kumwoza mtu, au hata kumpokea mchungaji mgeni bila kumwita Athumani Msengi. Si kwamba alikuwa msemaji. Maneno yalimtoka kwa shida, na akishayatoa alionekana kuyajutia. Aliitwa kwa sababu ya kisu chake. Wakristo pale ni wengi na Waislamu ni nyumba chache, lakini wameoana hadi wamechanganyika, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kupika sherehe ambayo nusu ya mashemeji zake watakaa wakitazama sahani. Nyama iliyochinjwa na Athumani ililiwa na wote. Ikishapita mkononi mwake, hakuna aliyeuliza zaidi.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake na aliifanya kwa ukali. Hakuchinja mbele ya walevi. Hakukubali kuharakishwa. Swali lake lilikuwa moja tu: mnyama ana pumzi au hana? Akiwa nayo, ni nyama. Akiwa hana, ni kibudu, na kibudu hakiliwi hata kama ni fahali wa mwenyekiti wa kijiji. Watu walimtania kwamba malaika mtoa roho akija kumchukua, Athumani atajishika pua kwanza ahakikishe kama bado anapumua.

Serikali nayo ilikuwa na maswali yake, na ilimtuma Anastasia. Huyu alikuwa afisa mifugo wa kata, binti mpole mwenye buti za mpira, na katika kila mkutano alirudia maneno yale yale: mnyama akaguliwe kabla ya kuchinjwa, nyama ikaguliwe kabla ya kuliwa, na mnyama anayekufa ghafla asipasuliwe, bali yeye Anastasia apigiwe simu. Athumani alimheshimu sana. Ila moyoni aliona hayo ni mambo ya machinjio ya mjini, yenye sakafu ya saruji na muhuri wa bluu. Ng'ombe anayekata roho nyuma ya zizi hamsubiri mtu wa pikipiki.

Basi kiangazi kikaja kikali, na maksai wa Severina akaanguka.

Severina alikuwa mjane. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, na maksai mmoja halimi peke yake, kwa hiyo kuanguka kwa yule mmoja kulikuwa kuanguka kwa shamba zima. Lakini kijiji kina desturi yake. Ng'ombe wa mtu akipata ajali au akiugua, anawahiwa kwa kisu, nyama inagawanywa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliyopokea inarudisha debe la uwele, hadi mwenye ng'ombe apate cha kubadilisha na ndama. Wanasema wamemwinua. Kukataa fungu lako ni kumwambia mwenzako abaki chini. Sharti ni moja: awe amechinjwa. Kibudu hakimwinui mtu.

Athumani alipofika, Severina alikuwa amepiga magoti ameshika pembe.

"Anapumua, mzee," alisema. "Weka mkono hapa."

Akaweka kiganja puani. Pumzi ilikuwepo, dhaifu na ya moto. Palikuwa pia na damu nyeusi ikichuruzika puani humo, na kwa kitambo kidogo Athumani alikumbuka mikutano ya Anastasia. Kisha akamtazama Severina, na huruma ikamponza. Akataja jina la Mungu, akachinja. Damu ilitoka nyeusi na haikuganda.

Hezekia, jirani wa Severina, ndiye aliyechuna. Wachunaji wana haki yao ya kuchoma kitu papo hapo, na yeye alichoma bandama, lililokuwa limevimba ajabu. Alimkaribisha Athumani, naye akakataa. Hezekia akacheka, akasema wachinjaji wote wana roho ya kike, wanaua halafu wanaona kinyaa. Kufikia jioni nyama ilikuwa imefika kila nyumba, nyingine chunguni, nyingine imekatwa mikanda na kuanikwa juu ya moshi.

Haikupita wiki, Hezekia alikuwa amelazwa, tumbo limejaa, anatapika damu. Akafa. Kwenye kifundo cha mkono wa Athumani kulitokea kipele, kikawa lengelenge, kikawa kidonda cheusi katikati ambacho hakikuuma. Anastasia, aliyekuwa amekuja kuchukua sampuli, alirudi na watu wa afya, na jibu la vipimo lilikuwa kimeta.

Wataalamu walieleza vizuri, kuwasema vibaya ni kuwaonea. Walisema vijidudu vya kimeta ni vigumu kufa, chungu cha nyumbani na moshi wa jikoni haviviwezi. Waligawa vidonge, na watu wakavipokea kwa shukrani. Kisha wakaomba nyama yote iletwe ichomwe na kufukiwa. Hapo kijiji kizima kikawa kimeshiba ghafla. Imeisha. Tumeimaliza. Mgambo walipita majikoni wakapata vipande vichache vya kuwaridhisha wakubwa, na iliyobaki ikahamia ndani ya vilindo vya nafaka, chini ya mtama. Kuirudisha kulikuwa kumwangusha Severina, na njaa ilikuwa mlangoni. Isitoshe, ilikuwa nyama ya Athumani. Ingekuwaje na shaka?

Hilo ndilo lililomkata maini alipolisikia kwa Anastasia, aliyekuja kumtazama kidonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari. Karibu kiti."

Alimfunga bandeji, kisha uchovu ukamshinda. "Baba, wananificha. Kuna mtoto kule juu ameanza kuharisha, na mama yake ananiapia kwamba nyama imeisha, wakati harufu naisikia. Nikisema ina ugonjwa, wananijibu umeichinja wewe."

"Na ingekuwa kibudu?"

"Ingekuwa kibudu wangeshaitupa wenyewe. Nisingekuwa na kazi."

Alisema hivyo kwa kulalamika tu, akaondoka. Athumani alibaki kwenye kiti akitazama mkono wake. Alikuwa amechinja maisha yake yote na hakuwahi kulitamka jina la Mungu juu ya mzoga, hata mara moja. Hakuwa na mali, hakuwa na cheo, hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, na sasa kilikuwa kinawalisha watoto sumu.

Kwenye mazishi ya Hezekia, ambaye mwili wake ulikuwa umezuiwa hospitali kwa vipimo, ibada ilipokwisha na kaburi limeshafukiwa, Athumani aliomba neno. Mchungaji alimpa nafasi akidhani anataka kumsifu marehemu.

"Maksai wa Severina hakuwa na pumzi," Athumani alisema. "Nilimkuta ameshakufa. Nilichinja mzoga. Mmekula kibudu, na mlichoficha ni kibudu."

Ramadhani, shemeji yake aliyezaliwa tumbo moja na mkewe, alijitokeza mbele. Alimwita mwongo, akamwambia aseme tena. Athumani akasema tena. Ndipo Ramadhani akamgeukia Severina, aliyekuwa ameketi na akina mama.

"Wewe ndiye ulishika pembe. Ni kweli?"

Watu wote wakamgeukia. Severina alijua kabisa. Pumzi ile ilikuwa imempiga kwenye vidole, na akisema hivyo tu, uwele wake ungemjia debe kwa debe, na maksai angepatikana kabla ya mvua. Alimtazama Athumani kwa muda mrefu, kwa hasira mwanzoni, maana ni yeye aliyekuwa anaporwa. Kisha macho yake yakashuka hadi kwenye bandeji, na kutoka hapo yakaenda kwenye kaburi.

"Ni kweli," alisema. "Alikuwa ameshakufa."

Jua lilikuwa halijatua nyama ilipotoka. Ilitoka vilindoni, darini, kwenye ndoo zilizofunikwa matandiko, ikabebwa kwa vijiti kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa. Waislamu walitema mate, na Wakristo, ambao wengine walikuwa wamekula vibudu vyao kimyakimya miaka nenda rudi, nao walitema kwa kuwaunga mkono mashemeji. Anastasia alisimamia moto hadi mifupa ikawa majivu. Mtoto wa kule juu alipelekwa zahanati, akapona. Hakuna mwingine aliyekufa.

Athumani hakupigwa wala kutukanwa. Ingekuwa nafuu. Watu walimsalimia kama kawaida, wakampa nafasi misibani, ila palipokuwa na mnyama wa kuchinja walimwita Shabani, kijana aliyehamia kutoka Iguguno na kisu chake kipya. Iddi ilipofika, Ramadhani alimleta Shabani huyo hadi uani kwa Athumani, kuchinja mbuzi wa Athumani. Naye Athumani akashika miguu ya mbuzi. Mkewe alimuuliza siku moja, taratibu, kama kweli maksai yule hakupumua. Akamjibu hakupumua. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, maana mkewe hakumuuliza tena.

Severina alilima kwa jembe la mkono msimu ule, akavuna kidogo.

Krismasi ilipokaribia, alifika kwa Athumani na jogoo kwapani.

"Shikamoo, mzee. Wakwe zangu wanakuja. Nimekuletea umchinje."

"Marahaba. Mpeleke kwa Shabani."

"Nimekuja kwako. Mimi najua. Maksai yule alinipumulia mkononi."

Athumani alitazama njiani kama kuna mtu anayesikia.

"Kwa sababu unajua, usiniletee," alisema. "Ulishika pembe wewe. Wakikuona unaniamini kisu, wataanza kufikiri, na wakifikiri wataupata ukweli. Siku ng'ombe mwingine atakapotoka damu puani, watakuja mbio kuniita, watasema anapumua. Na nyama wataificha vizuri zaidi."

"Kwa hiyo hivi hivi mpaka lini?"

"Mpaka nife. Hata siku hiyo usiseme."

Severina alitaka kumshika mkono, akaona asifanye hivyo. Akamhamishia jogoo kwapa la pili, akaaga. Athumani aliinuka akamsindikiza hadi barabarani, kisha akasema kwa sauti kubwa, ili waliokuwa kwenye kibanda cha chai wamsikie, kwamba nyumba ya Shabani ni ile ya pili, yenye bati jipya.