Miguu ya Abba

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi tuliyoketi watu wanne katika chumba cha daktari jijini Nairobi: baba yangu, ambaye sisi wanawe tulimwita Abba, kaka yangu mkubwa, Halake, daktari mwenyewe, na mimi, niliyetoka chuoni nikidhani kwamba elimu ni kuelewa tu yanayosemwa.

Miaka ya nyuma Abba alikuwa amepasuliwa tumbo. Kipande cha mshipa wake mkuu wa damu kilikuwa kimefura, kikakatwa, akashonewa mrija wa kitambaa. Alipona, akarudi kwetu Sericho kutembea mbele ya ngamia wake. Sasa mshipa uleule ulikuwa umefura tena, juu ya mshono, ndani ya kifua. Kumpasua mara ya pili, daktari alisema, mwili wake usingestahimili. Ila ilikuwapo njia nyingine: kupitisha mrija mpya uliokunjwa kwenye tundu dogo la kinena, kuupandisha ndani ya mshipa hadi penye uvimbe, kisha kuukunjua ili damu ipite ndani yake.

Halake alitafsiri kwa Kiborana. Abba akacheka. "Ni kutia gunia zima ndani ya gunia lililotoboka. Hilo hata mimi ningelifanya, tena bila barakoa."

Ndipo daktari akasema neno la mwisho, taratibu. Upasuaji wa kwanza ulikuwa umeziba baadhi ya mishipa midogo inayolisha uti wa mgongo, na mrija huu ungeziba mingine. Huenda mzee akaamka miguu imekufa.

Halake akamgeukia Abba. "Anasema utachoka kwa siku kadhaa."

"Umemwambia kuhusu miguu?" daktari aliuliza.

"Nimemwambia."

Kwetu, mwanangu, mgonjwa hafikishiwi habari nzito. Husemwa kwamba hofu huua kabla ya ugonjwa. Tena mdogo hamkanushi mkubwa mbele ya baba. Nikatazama sakafu.

"Basi nipeni siku chache," Abba alisema. "Niende Sericho nikawaone ngamia, ndipo nirudi."

"Njia ni mbaya, Abba, na mshipa huo hauaminiki," Halake alisema. " Ukitoka hapa utawaendea kwa miguu yako mwenyewe."

Abba akakubali. Mrija ulikaa mahali pake, na daktari akaridhika. Abba alipozinduka alituomba tumwondolee kitu kizito kilicholalia miguu yake. Hapakuwa na kitu.

Safari hii daktari alimweleza kupitia muuguzi wa kwetu, neno kwa neno. Abba alisikiliza hadi mwisho, kisha akatutazama.

"Ningekubali," alisema. "Mnadhani mimi ni mtoto? Uhai ni bora kuliko miguu, hilo nalijua. Lakini ningewaendea ngamia kwanza, hata kama mshipa ungepasuka njiani. Safari hiyo ilikuwa yangu kuichagua. Wewe Halake ulinidanganya. Na wewe, msomi wetu, ulisikia."

Hakulirudia tena hadi alipofariki. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye aliyenyimwa la kusikia, na guu lililovunjika likawa lake.

Mvua zilipopita tulimpeleka Sericho kwa gari. Ngamia walisimama mbali. Ngamia humjua mchungaji kwa mwendo wake, na huyu alikuwa ameketi garini, mlango wazi. Alimwita jike mzee kwa jina. Jike akainua kichwa, akangoja, kana kwamba anangoja mtu aanze kutembea. Hakuna aliyetembea. Akarudia majani yake.

"Funga mlango," Abba akaniambia.

Mwanangu, iko siku utaketi kati ya daktari na mzazi wako, nawe ndiwe utakayekuwa ulimi wa mmoja na sikio la mwingine. Usipunguze neno. Likikushinda, toka nje umwite mwingine alifikishe. Na ukimsikia mkubwa wako akilipunguza, vunja adabu siku hiyo; adabu huungika, maji yakimwagika hayazoleki. Mgonjwa anaweza kuubeba ukweli. Asichoweza ni kurudishiwa siku aliyokuwa angali anatembea.

Mungu akupe ulimi mzima mbele ya uwapendao, na miguu ya kuwafikia kabla hawajaketi. Amin.