Luneti ya Karabini

Harufu ya mafuta ya cherehani hunikasirisha mpaka leo. Fundi wa jirani akifungua kikopo chake asubuhi na kudondosha mafuta kwenye mashine, mimi huku barazani naanza kununa kabla sijajua nanuna kwa nini. Wanangu wanasema uzee umenishika vibaya. Waache waseme. Harufu ile ndiyo iliyokuwa ya nyumba yetu kule Kindu, zamani za Wabelgiji, kila Jumapili baba alipochukua mafuta ya cherehani ya mama bila kuomba, akakaa sebuleni na kuipaka karabini yake taratibu, kama mtu anayempaka mtoto baada ya kumwogesha. Mama alimtazama kutoka mlangoni kwa jicho baya. Mafuta yale alikuwa akiyanunua yeye.

Karabini yenyewe ilikuwa bunduki ndogo, ya risasi nyembamba zisizotosha hata kumuudhi kiboko. Kazi yake ilikuwa njiwa na kanga. Kapiteni mmoja wa meli, alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia baba pamoja na ruhusa yenye mhuri, na weusi waliokuwa na ruhusa kama ile pale Kindu hawakuwa wengi. Basi ungedhani baba angefurahi, achekecheke na watu, awagawie nyama. Thubutu.

Baba alikuwa piloti. Kapiteni alikuwa mzungu, naye alikaa kivulini akivuta sigara. Piloti ndiye aliyesimama mbele, mikono kwenye usukani, kutoka Kindu hadi Ponthierville, akitafuta njia ya maji kati ya mafungu ya mchanga. Kwenye kingo za mto palisimikwa vibao vyeupe vya kuonyesha meli ivukie wapi, na piloti alitakiwa avione mapema, kwa sababu meli nzito haigeuzwi kama mtumbwi. Kwa kazi hiyo tulipewa nyumba ya matofali na bati kwenye kambi ya kampuni. Piloti akifukuzwa, nyumba inarudi kwa kampuni, na sisi tunarudi Lokandu kubanana kwa ndugu. Hilo tulilijua wote, hata mimi ambaye meno yangu ya utoto yalikuwa bado yanang'oka.

Kambi haikutupenda. Niseme kweli, haikumpenda baba, sisi wengine tukapata mgao wetu. Sababu ilikuwa salamu. Kwetu Maniema mtu hapiti mbele ya mtu kimya. Unasimama, unauliza habari ya nyumba, ya watoto, ya mgonjwa kama yupo, na mdogo ndiye anayetangulia kumwamkia mkubwa. Baba alipita katikati ya kambi akitazama mbele, kofia yake ya kazi imenyooka kichwani, asimwamkie mtu mpaka mtu huyo amfikie karibu kabisa. Watu wakasema kofia imempanda. Wakamwita Muzungu Mweusi. Bombani wanawake waliipita ndoo ya mama kama haipo, na mimi watoto walinitupia maganda ya machungwa wakiniuliza kama kwetu tunakula jibini. Nilipigana nao sana. Nina alama hapa kwenye nyusi, nikikutana nawe nitakuonyesha.

Kisha akampita mama yake mzazi.

Bibi alikaa upande wa mji wa Waislamu, karibu na msikiti, akishona kwa mkono kofia za vito, zile za matundu madogo madogo. Siku hiyo alikuwa anatoka sokoni. Akamwona mwanawe anakuja upande wa pili wa barabara, yeye na wenziwe wa meli. Bibi akasimama, akashusha kikapu, akangoja aamkiwe. Hakuita. Mama hamwiti mwanawe ili amwamkie, ni fedheha. Baba akatazama upande ule ule aliosimama bibi, akaendelea na maneno yake, akapita. Wauza samaki waliona. Jioni mji mzima ulijua kwamba yule piloti anamwonea haya mama yake kwa sababu anavaa kitenge kilichopauka.

Baba alipoambiwa, alikataa kata kata. "Sikumuona," alisema. "Haki ya Mungu, sikumuona mama."

"Barabara njo ile ile," mama akamjibu, na "njo" kwetu ni "ndiyo". "Jua iko juu. Haukumuona namna gani?"

Baba akainuka. Akaenda kuipaka karabini mafuta.

Sasa sikilizeni jinsi neno moja lilivyotuharibia. Bibi aliona mbali vizuri sana, lakini vya karibu vilikuwa vimemkimbia. Kutunga uzi kwenye sindano alikuwa hawezi tena. Mimi nilimtungia sindano nyingi kila Alhamisi nikitoka shule, nikazichomeka kwenye mto wake, na zikiisha anakaa bure mpaka nirudi. Alichotaka duniani ni luneti, maana sisi miwani twaiita hivyo, kwa Kifaransa. Basi siku moja mmoja wa mabaharia akapitisha habari mjini: piloti anaweka pesa, anataka kununua luneti kwa Mugiriki mwenye duka.

Bibi alilia kwa furaha. Alisema mtoto ametubu. Akawaambia wanawake wote wa msikitini, akaanza kofia mpya ya mwanawe, ya rangi ya maziwa, akishona kwa sindano zangu.

Mama hakuwa mwepesi wa kuamini. Siku ya kununua aliniamuru nifuatane na baba. "Uende naye," aliniambia sikioni. "Uangalie kila kintu. Unielezee."

Duka la Mugiriki lilikuwa na mlango wa wazungu na dirisha la weusi, lenye nondo. Tulisimama dirishani juani. Mugiriki alituacha tungoje akihesabu chupa ambazo, nadhani, zilikuwa zimeshahesabiwa. Hatimaye akaja, akaweka mbele yetu masanduku mawili. Ndani hamkuwa na miwani. Mlikuwa na mabomba mawili meusi yenye vioo ncha zote mbili, na nikaelewa kwamba kwa Kifaransa hata kile kijicho kinachofungwa juu ya bunduki kinaitwa luneti.

Luneti moja ilikuwa ndefu na nene, inang'aa. Ya pili ilikuwa fupi, nyembamba, haina sifa. Mugiriki aliisukuma ile nene. Kwa Kiswahili chake kibovu alisema hiyo njo ya mwanaume, inavuta ndege karibu, unaweza kumhesabu manyoya. Baba aliipeleka jichoni, akailenga ng'ambo ya mto. Akashika pete ya nyuma, pale jicho linapokaa, akajaribu kuizungusha. Haikuzunguka. Akairudisha.

Akachukua ile nyembamba. Pete yake ilizunguka. Aliizungusha polepole, akaitoa jichoni, akairudisha, akazungusha tena, mpaka nikaona aibu. Nyuma yetu foleni ya watu waliotaka chumvi na sabuni ilianza kulalamika.

"Hiyo kitu ya watoto," Mugiriki akasema.

"Njo hii nataka."

Ikaja zamu ya montaji, yaani vile vyuma viwili vya kuishikilia luneti juu ya bunduki. Mugiriki alitoa vya skrubu ndogo za kukazwa kwa bisibisi. Ukishakaza, alisema, umekaza, haitikisiki hata ukiangusha bunduki. Baba akaviweka kando. Akauliza kama hakuna vyenye skrubu kubwa za kuzungushwa kwa vidole. Mugiriki akamkazia macho. Akasema viko, lakini havifai, kwa sababu luneti ya kuvuliwa na kuvalishwa hupoteza shabaha kila mara, risasi itakwenda kushoto kwa njiwa na kulia kwa njiwa. Kisha akawageukia watu wa foleni, akawaambia kwa sauti kwamba tazameni, huyu anataka bunduki yake ivae kofia na kuvua. Watu walicheka. Walicheka sana, waliingoja nafasi hiyo siku nyingi.

Baba alilipa. Nilimshika mkono, akauondoa.

Nyumbani bibi alikuwa ameshafika. Alikuja na wenzake wa msikitini, wamevaa vizuri, na kofia imekunjwa kwenye leso. Baba alipoweka sanduku mezani bibi alinyoosha mikono yote miwili. Akalifungua mwenyewe. Akapapasa lile bomba, akaliinua, akalisogeza puani, akaliweka mbali, akatafuta masikio ya kulishikia.

"Njo nini hii?" akauliza.

Mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa nilitumwa kuangalia. "Luneti ya karabini, bibi."

Mmoja wa wale wanawake aliguna. Bibi aliliweka lile bomba mezani taratibu mno. "Bunduki yako inataka kuona," alisema. "Mama yako hapana."

"Mama, nitanunua na yako. Unipe wakati."

"Sitaki. Bunduki njo mama yako. Iende ikuzike."

Akaondoka na kofia yake. Tangu siku hiyo hakula chakula kilichotoka kwetu. Mama alinituma na wali, na samaki, na hata nguo ya Idi. Kila mara nilirudishwa mlangoni na sahani imefunikwa vile vile. Baba alikwenda mwenyewe na miwani ya kweli iliyoagizwa Stanleyville. Bibi aliipokea mbele ya watu, akampa mbuzi aikanyage. Alikufa msimu wa mvua bila kumsemesha mwanawe tena.

Na luneti yenyewe? Mugiriki alisema kweli. Baba hakupiga kitu. Jumapili alikwenda upande wa mashamba ya mpunga akarudi na mikono mitupu, na kambi nzima ikitoka nje kumtazama akirudi. Jumatatu, meli ikiondoka, aliifungua luneti kwa vidole vyake, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya koti. Mama akimuuliza, alijibu kwamba nyumbani itaibiwa. Mama alisema ukweli uliokuwa moyoni mwetu wote: mtu huyu analala na bomba lake kama mke wa pili.

Uhuru ulikuja, vita vikafuata, askari wakaichukua karabini. Luneti haikuwa juu yake, ikabaki. Baba alistaafu hajawahi kuikwamisha meli, kitu ambacho mabaharia walikitaja kwa shingo upande, akafa yeye na uadui wake na kambi. Nikairithi luneti kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Niliitazama mara moja, nikaona ukungu tu. Ndugu zangu wote waliona ukungu. Tukasema imeharibika.

Miaka baadaye nilikuwa mwalimu, na wanafunzi wangu wakaanza kusema kwamba mwalimu anaringa, nawapita njiani sijibu. Daktari wa macho alinipima akaniambia macho yangu yamebadilika, sioni mbali tena. Nikavaa miwani. Siku moja ya kusafisha sanduku nilivua miwani nipanguse vumbi usoni, nikaishika luneti, nikaipeleka jichoni bila kufikiri.

Niliona jani la mgomba wa jirani, na mdudu juu ya jani.

Nilikaa chini sakafuni. Nikavaa miwani, nikatazama tena: ukungu. Nikavua: mdudu. Ile pete ya kulinganisha kioo na jicho la mtu ilikuwa imesimama pale baba alipoiacha, pamekaa kutu, na iliendana na macho yangu, mimi mtoto wake. Vibao vyeupe vya mtoni alivitafuta kwa luneti hii. Watu wa kambi, wa bomba la maji, wa barabara ya soko, wote aliwapita bila kuwaona. Hakumwona mama yake. Aliapa kwa Mungu na alikuwa anasema kweli, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu piloti asiyeona si piloti, na neno hilo lingetoka sebuleni kwetu hadi kwa kapiteni kabla ya jua kuzama. Miwani ingemfichua. Hata darubini ya macho mawili kapiteni angeuliza ya nini. Mwindaji akinunua jicho la bunduki, nani atauliza? Wacheke tu. Basi akaacha wacheke, na mama yake akaondoka hivyo.

Nikaenda kwa mama, ambaye wakati huo alikuwa hai bado, mkali bado. Nilimweleza yote, nikimwekea luneti mkononi. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa kumshika.

Mama aliigeuza geuza. Aliipima uzito. Halafu uso wake ukajaa ile hasira ya zamani, ya mlangoni, na akaitupa kitandani.

"Awafiche kampuni, nakubali," alisema. "Awafiche kambi. Na mimi? Mimi nilikuwa kampuni?"